Alama 23 za Auckland, na wale wasiohesabiwa

Leo tunaweka kando simu mpya na programu mpya, tuzungumze michezo. Msikimbie! Hesabu zitakuwepo, na hifadhidata pia itakuwepo.

Nilipokuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta, mazoezi yetu ya hifadhidata yalikuwa ya besiboli. Tulipewa data ya Sean Lahman, yenye takwimu za ligi kuu za Marekani kuanzia msimu wa 1871. Darasa zima hakuna aliyewahi kushika gongo la besiboli. Nilifanya zoezi lote bila kuelewa mchezo wenyewe, lakini jambo moja lilinikaa kichwani: wale watu wamemwandika kila mtu. Mchezaji aliyeingia uwanjani siku moja tu, kisha akarudi kwao asionekane tena, yumo. Ana mstari wake kwenye jedwali sawa na mabingwa.

Nikajiuliza, je, sisi tuna timu gani inayostahili jedwali kama hilo? Wenzangu wa Nairobi watasema Gor Mahia au AFC Leopards. Mimi ni mtu wa Keringet, kule Kuresoi Kusini, ukishapita Molo uendelee kupanda kuelekea Mau. (Wengi wenu mnalijua jina hilo kwenye chupa ya maji. Ndiyo, ni mahali, tena pana baridi na viazi vitamu kuliko vyenu.) Kwetu timu ni moja: timu ya Kenya ya mbio za nyika. Basi tangu Januari, kila jioni nikitoka kazini, nimekuwa nikijaza matokeo yake.

Kwanza kanuni, kwa wasioijua. Mbio za nyika kila mtu hukimbia peke yake, lakini timu hupata alama kwa kujumlisha nafasi za watu wake. Wa kwanza ana alama 1, wa kumi ana 10, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inashinda. Katika mashindano ya dunia ya wanaume ya miaka ya 1980, timu ilipeleka wakimbiaji tisa, sita wa mwanzo wakahesabiwa. Baadaye ikawa wanahesabiwa wanne. Hiyo ndiyo algoriti ya kwanza niliyojifunza maishani, na niliijua kabla ya kuona kompyuta. Kwenye mashindano ya shule, ukimaliza mbio mwalimu alikupa kipande cha karatasi chenye namba, unakishika kwa mkono uliojaa matope, unampelekea mwalimu wenu naye anajumlisha. Mimi karatasi yangu ilikuwa inatazamwa na kuwekwa mfukoni. Jumla ilikuwa imeshatimia.

Ukiwa mtu wa kompyuta, historia ya mbio hizi itakuchekesha mapema. Madrid, 1981. Waethiopia wako mbele kundi zima, wanawatesa wenzao, kisha wanaanza kukimbia kwa kasi ya mwisho kama watu walioona utepe. Kumbe bado mzunguko mmoja! Walihesabu mizunguko vibaya. Craig Virgin wa Marekani akaja akashinda, Mohammed Kedir akawa wa pili. Kila anayeandika programu anaijua hitilafu hii: kihesabio kimekosea kwa moja tu, na moja hiyo inatosha. Hata hivyo Ethiopia ilichukua ubingwa wa timu siku hiyo hiyo. Fikiria nguvu ya timu inayoweza kukosea mzunguko mzima na bado ikashinda.

Waethiopia walitawala hadi 1985. Mwaka 1986, kule Colombier karibu na Neuchâtel nchini Uswisi, John Ngugi alishinda na Kenya ikatwaa ubingwa wa timu ya wanaume. Haikuuachia hadi 2003. Hapa tena nawaonya kuhusu ile hitilafu ya moja. Ukitoa 1986 katika 2003 unapata 17, lakini mataji ni 18, kwa sababu mwaka wa kwanza nao unahesabiwa. Mataji 18 mfululizo. Sijui timu nyingine nyingi duniani, za mchezo wowote, zinazoweza kuweka orodha kama hiyo mezani.

Katika hayo 18, ninalolipenda zaidi ni la Auckland, New Zealand, Machi 1988. Matokeo ya timu yanasema hivi tu: Kenya, alama 23. Na taarifa za siku hiyo zinaongeza kwamba katika wakimbiaji tisa wa kwanza, wanane walikuwa Wakenya. Sasa tufanye hesabu pamoja. Alama bora kabisa kwa watu sita ni 1+2+3+4+5+6, yaani 21. Kenya ilipata 23. Kama katika tisa wa kwanza kuna mgeni mmoja tu, basi sita wetu wametoka ndani ya nafasi saba za mwanzo, ambazo jumla yake ni 28. Toa 23 katika 28, inabaki 5. Mgeni alikuwa wa tano! Hukuhitaji kuona picha wala orodha. Nilipoitafuta orodha nikakuta ndivyo: Ngugi, Paul Kipkoech, Kipsubai Koskei, Mkenya wa nne, halafu Abebe Mekonnen wa Ethiopia, halafu Wakenya tena. Huyo Abebe hakuwa mtu mdogo, mwaka uliofuata alishinda marathoni ya Boston. Siku ile alikuwa kama jiwe moja kwenye sufuria ya maharagwe.

Lakini endelea kutazama nafasi ya 8 na ya 9. Hao nao ni Wakenya, na alama zao hazimo kwenye zile 23. Kazi waliyofanya ni nyingine: kila aliyekuja nyuma yao alisukumwa chini nafasi mbili, kwa hiyo jumla za timu nyingine zote zikaongezeka. Kwenye msimbo wangu wa Python ninasoma matokeo yote, ninachukua sita wa kila timu, ninajumlisha. Waliobaki programu inawaruka. Nilipoutazama mstari ule unaowaruka watu nilisita kidogo, nikaongeza safu nyingine kwenye jedwali: "amehesabiwa", ndiyo au hapana.

Sababu ya kusita ni mjomba wangu. Alikuwa askari, na katika miaka ya tisini aliwahi kukimbia mchujo wa taifa pale uwanja wa farasi wa Ngong. Wakati ule wanariadha wengi walikuwa wameajiriwa jeshini, polisi au Magereza, mshahara unaingia na mazoezi ni sehemu ya kazi. Ukifaulu Ngong unaingia kambi ya timu ya taifa katika chuo cha walimu cha Kigari, Embu, ambako kocha Mike Kosgei aliwakimbiza kwenye miinuko ya Mlima Kenya, wote pamoja, bingwa na mgeni. Watu husema mashindano ya dunia yenyewe yalikuwa rahisi kuliko Ngong. Mjomba alimaliza wa kumi na nne.

Nilimpigia simu nikamwambia ninaandika kumbukumbu, nikamuuliza anakumbuka nini.

"Ngong hakuna wa kumi na nne," akasema. "Kuna wanaokwenda Kigari na wanaorudi kazini."

"Lakini mjomba, wa kumi na nne Kenya wakati ule si angekuwa wa ishirini duniani?"

"Nani alipima?"

Akabadilisha mazungumzo, akaniuliza bei ya gunia la viazi huku Nakuru.

Hana ubaya na mtu, msimwelewe vibaya. Ila swali lake ni swali la hifadhidata. Nani alipima? Orodha ya mabingwa utaipata kila mahali: Ngugi mara tano, ya mwisho mwaka 1992 kwenye theluji ya Boston, William Sigei 1993 na 1994, Paul Tergat mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999. Lakini bingwa ni mmoja, na mmoja hapati alama 23.

Mimi mwenyewe nilianza kufuatilia wakati mbaya. Mwaka 2004, mashindano yakiwa Brussels, Waethiopia Kenenisa Bekele, Gebregziabher Gebremariam na Sileshi Sihine walichukua nafasi tatu za kwanza, na ule mfululizo wa 18 ukakatika. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka baba alizima redio na kwenda kutazama ng'ombe ambao tayari alikuwa amewatazama. Ethiopia ikashinda tena 2005, Kenya ikarudi 2006 kule Fukuoka.

Halafu Mombasa, Machi 2007! Mashindano yalikuja nyumbani, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari, katika joto ambalo sisi watu wa Mau hatuwezi hata kulalia. Bekele alikuwa ameshinda mbio ndefu na fupi miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006, na hakuna aliyemweza. Joto likamweza. Zersenay Tadese wa Eritrea alimpita, na Bekele akatoka kabla ya kumaliza. Umati wa Wakenya ukamshangilia Mweritrea kama mtoto wa Likoni. Nyuma yake walikuja Moses Mosop na Bernard Kipyego, na timu ikawa yetu. Miezi kumi baadaye Kuresoi yetu ilikuwa inaungua na majirani walikuwa hawasalimiani. Katika jedwali mwaka 2007 ni mistari michache tu yenye namba, lakini mimi siwezi kuipita bila kukumbuka kwamba ule ulikuwa mwaka wa mwisho ambao tulisikiliza mbio na jirani wetu mmoja. Sijui alihamia wapi.

Mwaka 2010, Bydgoszcz nchini Poland, Kenya ilichukua dhahabu zote nane: mbio nne, mshindi binafsi na timu katika kila moja. Joseph Ebuya, Emily Chebet, Caleb Ndiku, Mercy Cherono. Wa nne katika mbio za wasichana chipukizi alikuwa msichana wa miaka 16 aliyekimbia bila viatu, mtu wa kwetu, kutoka Ndabibit. Jina lake Faith Kipyegon. Alisoma Winners Girls, hapo hapo Keringet. Mwaka uliofuata, Punta Umbría, Uhispania, alishinda. Watoto wa Keringet tuliokuwa tukipeleka karatasi zetu za matope kwa mwalimu tulianza kujiona watu.

Nimefika mahali ambapo nilitaka kufika tangu mwanzo: Kampala, Machi 26, 2017, uwanja wa Kololo. Wengi wanaikumbuka siku ile kwa Joshua Cheptegei, aliyeongoza mbele ya watu wake kisha miguu ikamkatalia kwenye mzunguko wa mwisho, Geoffrey Kamworor akampita na kutetea taji lake. Inaumiza kuitazama hata leo. Lakini mbio za wanawake ndizo zilizonifanya nisimame chumbani hosteli na kupiga kelele. Timu ilikuwa na wanawake sita, wanahesabiwa wanne. Irene Cheptai wa kwanza. Alice Aprot wa pili. Lilian Kasait wa tatu. Hyvin Kiyeng wa nne. Jumla 10, na haiwezekani kupata chini ya hapo. Lakini hawakuishia hapo. Wa tano Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa 2015. Wa sita Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 tangu Rio 2016. Halafu ndipo dunia nyingine ikaanza kufika.

Yaani bingwa wa Olimpiki alikimbia kilomita 10 na alama zake zikarukwa, kama karatasi yangu. Miezi mitano baadaye alikuwa bingwa wa dunia London. Baadaye zikaja dhahabu za Tokyo na Paris, na rekodi tatu za dunia ndani ya msimu mmoja wa 2023. Agnes Tirop aliuawa Iten Oktoba 2021, akiwa na miaka 25. Katika orodha ya alama za Kampala majina yao hayahitajiki. Programu inapata 10 bila wao.

Juzi usiku nilifanya jaribio. Niliyachukua matokeo ya Kampala nikayapitisha kwenye kanuni ya zamani, ile ya Ngugi, ya watu sita. 1+2+3+4+5+6. Skrini ikaandika 21. Ndiyo ile alama kamili ambayo timu ya Auckland ilikosa kwa mbili tu, kwa sababu ya Abebe mmoja. Nilimpigia mjomba saa hiyo hiyo ingawa ilikuwa saa nne usiku.

"Na huyo wa Ndabibit alikuwa wa ngapi?" akauliza.

"Wa sita, mjomba. Hakuhesabiwa."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanitajia, bila kuulizwa, majina ya watu kumi na watatu waliokuwa mbele yake Ngong, kwa mpangilio, na vikosi vyao. Niliyaandika nyuma ya bahasha ya benki. Kesho nitayaingiza, itabidi kwanza niongeze jedwali la michujo, maana sikuwa nimelifikiria.