Mstari Usiofungwa

Kila kijana anayeandika ameshaulizwa swali hili, kwa maneno haya au mengine: kwani hicho unachofanya hakipo tayari? Mashairi yapo, Shaaban Robert alishayaandika. Hadithi zipo tele. Mimi naulizwa mara mbili, maana mbali ya hadithi nina ugonjwa mwingine: usiku naandika upya programu ambazo kompyuta inazo tangu enzi.

Nazungumzia zile amri ndogondogo za Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs, Marekani. Unaandika neno, unapiga Enter, basi. Amri ya cat humwaga faili lote kwenye skrini. Ile ya head hukuonyesha mistari 10 ya mwanzo. Ile ya wc, iliyokuwepo tangu 1971, huhesabu mistari, maneno na baiti. Kila moja inajua kazi yake moja, na tangu 1973 zinaungwa kama mabomba ya maji: kinachotoka kwa hii kinaingia kwa ile.

Mimi nazitengeneza kwa Haskell, lugha iliyotoka mwaka 1990. Humo programu hujengwa kwa fankisheni, kama zile za hisabati ya sekondari: ukiingiza kilekile utapata kilekile, leo na kesho. Halafu lugha yenyewe ni mvivu, bwana! Haipigi hesabu mpaka jibu lihitajike. Iambie ikate faili zima kuwa mistari, kisha ichukue 10 tu. Itasoma kiasi cha kutosha kupata hiyo 10, imemaliza.

Usiku mmoja dada yangu, ambaye ndiye anayenunua umeme wa LUKU, alisimama nyuma yangu.

"Mdogo wangu, hiyo wc si ipo?"

"Ipo."

"Na yako inaishinda?"

"Hapana, dada. Ya kwao ina kasi zaidi."

Akaguna. Nikamwonyesha ubeti mmoja wa shairi langu, mishororo 4, kila mshororo na mstari wake. Baada ya ule wa mwisho sikuweka, kwa makusudi, ile alama ya kumaliza mstari inayoletwa na Enter. Wc ya zamani ikasema: 3. Yangu, ambayo kazi yake yote ni maneno mawili, lines na length, yaani kata mistari kisha hesabu, ikasema: 4.

"Sasa nani mwongo?"

Nikamweleza kwamba wc inahesabu zile alama za kumaliza, wala haijali unachokiona kwa macho. Kwa kanuni yake, mstari ambao haujafungwa bado si mstari. Kuna watu waliamua hivyo zamani, na sisi tunatumia uamuzi wao kila siku tukidhani ni maumbile.

Dada ni fundi cherehani. Hakusema nimeshinda. Alisema tu kwamba ushonaji aliujua siku alipofumua gauni la mtumba, mshono kwa mshono, akalishona upya. Begani halikukaa sawa hata kidogo. "Lakini nilijua mkono unaingiaje." Kisha akaniambia nizime taa.

Wewe kijana mwenzangu unayetunga utenzi wa mizani 8 huku washkaji wanakucheka kwamba umepitwa na wakati, endelea. Hesabu mizani zako. Uliza kwa nini ni 8, na kwa nini zinakaa vizuri mdomoni. Ukishajua, utazifuata kwa hiari yako au utazivunja kwa akili. Asiyejua anazifuata kwa woga, au anazivunja kwa bahati mbaya.

Siku hizi ninazo programu mbili: moja inahesabu alama, kama wazee walivyotaka, na moja inahesabu mistari hata kama wa mwisho haukufungwa. Kwa kazi za watu natumia ya kwanza. Kwa mashairi yangu natumia ya pili. Mshororo wa nne nimeuandika mimi, na uhesabiwe.