Nani Aliamua Biti Ianze Hivi?

Haya wasomaji, leo tupumzishe misimbo kidogo tuongee muziki. Usiogope, kompyuta bado ipo.

Kuna swali ambalo kila anayetengeneza muziki kwa kompyuta ameulizwa: "Si mashine ndiyo inapiga? Wewe kazi yako ni gani hapo?" Swali zuri. Kazi yangu ni kukataa. Mashine ina majibu tayari hata kabla sijagusa kitufe, na majibu hayo yaliandikwa na mtu fulani, mbali, miaka mingi iliyopita.

Chukua FL Studio. Maprodyuza wengi Afrika Mashariki walianzia hapo, wakati ikiitwa FruityLoops. Ilitoka Ubelgiji mwaka 1997, jina likabadilishwa 2003. Ukiifungua upya unapokewa na mistari minne: ngoma nzito, makofi, matoazi na snea. Kila mstari una vitufe 16. Ableton Live nayo hufunguka ikiwa kwenye mapigo 120 kwa dakika. Hata faili ya MIDI isiyotaja kasi yake husomwa kwa mapigo 120.

Sisi waandika programu tunaijua hali hii. Ni ile thamani inayotumika mtumiaji asipochagua kitu. Lazima uweke namba fulani, la sivyo programu haitaanza. Hakuna ubaya hapo. Shida ni kwamba watu wengi hawabadilishi kile walichokikuta, na mwishowe namba ya kuanzia inageuka kuwa sheria.

Sasa tazama hapa Kajiado. Nyimbo za asili za Wamaasai hazina ngoma. Olaranyani anaanza, wenzake wanajibu kwa mngurumo wa kooni, miruko na pumzi zinashika mapigo. Jaribu kuupanga wimbo huo kwenye ile mistari minne. Mstari wa ngoma nzito utabaki mtupu. Wimbo umekamilika na watu wanaruka, lakini ukitazama programu utadhani kazi haijaanza!

Hilo ndilo lililonipeleka machimboni na simu mkononi. Kware yetu haihusiani na yule ndege, jamani. Ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe lililolainishwa na ndimi zetu. Nilimwomba mzee mmoja anayechonga mawe anirekodishe kidogo. "Kijana, kelele hizi utazifanyia nini?" akauliza. Nikamwambia, "Mzee, wewe endelea tu na kazi." Nikapata dakika nne za nyundo na tindo.

Nilipoiweka sauti kwenye kompyuta, kazi ikaanza. Anapiga mara tatu haraka, anatulia, kisha moja nzito. Kwa mapigo 120, kila kitufe kati ya vile 16 kina milisekunde 125. Nyundo ya mzee haijali hesabu hiyo. Pigo moja linatangulia kwa milisekunde 20, jingine linachelewa 40. Programu ina kitufe cha kuvuta kila pigo hadi kwenye mstari ulio karibu. Nilikibonyeza nisikilize. Muziki ukanyooka, lakini mzee akatoweka. Zile milisekunde ndizo zilizokuwa mkono wake na pumzi yake.

Nikarudisha kama ilivyokuwa, kisha nikapindua utaratibu. Badala ya kumlazimisha mzee afuate saa ya kompyuta, nikapima nafasi kati ya mapigo yake mazito, nikachora kasi inayopanda na kushuka kumfuata. Sauti ya jiwe likipasuka nikaishusha hadi ikawa besi. Mwangwi wake nikauvuta kutoka nusu sekunde hadi sekunde kumi, ukawa kama kinanda kinacholia kwa mbali. Siku tatu zilizofuata nilikuwa nafuta tu. Kutoka vipande 31 nikabaki na sita. Ni kama kusafisha programu: unachoondoa ndicho kinachofanya kilichobaki kieleweke.

Mimi si wa kwanza, wala si hodari. Dar es Salaam, vijana wa singeli walichukua vipande vya taarab wakavikimbiza hadi mapigo 200 kwa dakika, wengine karibu na 300. Kwa 200, pigo moja lina sekunde 0.3 tu. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, na dunia ikageuka kusikiliza. Upande wa pili yupo KMRU wa Nairobi, mjukuu wa mwanamuziki Joseph Kamaru aliyefariki 2018. Yeye hurekodi sauti za mazingira na kuzinyoosha polepole. Albamu yake Peel ya mwaka 2020 haina ngoma ya kuchezea. Mmoja aliongeza namba, mwingine akaiweka kando.

Mbona nalisema leo? Kwa sababu sasa zipo programu ambazo unaziandikia sentensi moja zikakuletea wimbo mzima. Zamani ulichokikuta kimepangwa kilikuwa namba tu, sasa ni wimbo mzima! Nazo hutoa kulingana na zilicholishwa. Sauti ambayo haijawahi kurekodiwa haimo humo, hata ukiiomba kwa adabu. Mashine za kukata mawe nazo zipo, na nyundo ya mzee haitalia milele.

Basi fanya hivi wikendi hii. Fungua programu yoyote ya muziki, hata ya bure. Futa ngoma zote ulizozikuta. Toka nje na simu, rekodi dakika moja ya kazi ya mtu: fundi cherehani, mama anayekaanga chapati, kondakta akigonga bodi ya matatu ya Rongai. Mwombe ruhusa kwanza. Kisha acha kasi ya wimbo itoke kwa huyo mtu.

Ukimaliza, mrudie umsikilizishe. Mzee wangu alisikiliza hadi mwisho, akasema pale katikati nimemfanya apige polepole sana. Leo jioni naenda kurekebisha.