Nani Anafaa? Fundisho Nililolipata Msangano

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema ulimi hauna mfupa. Nimelisikia neno hili tangu nilipokuwa chuoni nikisoma alifu kwa ubao, na mimi mwenyewe nimewaambia watoto wangu mara zisizo na idadi. Lakini neno kulisikia ni jambo moja, na kulionja ni jingine. Mimi nililionja mbali na kwetu, kwenye vumbi la Msangano, na sababu yake ilikuwa mjadala wa pikipiki.

Kwetu ni Pangani, na kazi yangu ni kununua mpunga. Kila mwaka mavuno yakikaribia hufunga safari mpaka Msangano, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Kwa asiyepajua, ukifika Tunduma, mpakani mwa Zambia, huiacha barabara kuu na kushika njia ya kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Wenyeji aghalabu ni Wanyamwanga, watu wa jembe na wenye ukarimu kwa mgeni. Na huko, kama ilivyo vijijini kwingi siku hizi, mguu wa mtu ni pikipiki. Gunia la mpunga, mwalimu, mgonjwa, mama anayekwenda kujifungua, wote hupanda bodaboda.

Siku hiyo nilikuwa nimekwisha kuswali Alasiri, nikaketi kibarazani kwa mwenye duka mmoja nikisubiri magunia yangu yapimwe. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekizunguka kisimu kimoja, wanatazama mashindano ya pikipiki ya Ulaya. Nikauliza, "Wanangu, mnagombania nini?" Wakanieleza wote kwa pamoja.

Kisa chao kilikuwa hiki. Yuko kijana Mturuki, jina lake Toprak Razgatlıoğlu, aliyezaliwa mwaka 1996. Katika mashindano ya dunia yaitwayo Superbike, ambayo pikipiki zake zimetokana na zile zinazouzwa madukani, amekuwa bingwa mara 3: mwaka 2021, 2024 na 2025. Ule ubingwa wa kwanza aliupata baada ya Jonathan Rea kuushika miaka 6 mfululizo. Sasa juu ya Superbike liko daraja jingine, MotoGP, ambalo pikipiki zake hutengenezwa kwa ajili ya mashindano tu, wala huzipati dukani hata uwe tajiri wa namna gani. Hizo zimepata kupita kilomita 360 kwa saa. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba Mturuki huyo atapanda daraja hilo mwaka 2026. Hapo ndipo vijana walipogawanyika: anafaa, hafai?

Mmoja wao, kijana mfupi mwenye maneno mengi, alisema anafaa na zaidi. "Mzee, huyu akikamata breki gurudumu la nyuma linaning'inia hewani, na haanguki! Nani mwingine anaweza?" Mwenzake mrefu, mpole kidogo, akakataa. Akasema ubingwa wa daraja la chini si hoja. James Toseland alikuwa bingwa wa Superbike mwaka 2004 na 2007, akapanda MotoGP akakaa misimu 2 asipande jukwaa la washindi hata mara moja. Colin Edwards alikuwa bingwa mara 2, akakaa huko juu zaidi ya miaka 10 asishinde hata shindano moja. Tairi ni nyingine, breki ni nyingine, na mwili uliozoea mashine moja hukataa kuizoea nyingine. Yule mfupi akajibu kwamba Troy Bayliss aliitwa mwaka 2006 kuziba pengo katika shindano la mwisho la msimu, na akawashinda wote.

Nikiri kwamba nilipendezwa. Hata nikatia langu. Nikawakumbusha mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Madereva wenye majina makubwa Ulaya walikuwa wakija kila mwaka, na kila mwaka wakishindwa na wakazi wa huku huku. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, akashinda mwaka 1966 na 1967. Haikupata kutokea mgeni kutoka ng'ambo akashinda mpaka Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972. Mcheza kwao hutunzwa. Bingwa wa huku huwa mwanagenzi wa kule.

Lau ningekomea hapo ningekuwa nimesema la maana. Lakini mjadala ulikuwa umekwisha kutoka kwa Mturuki na kuwaingia wao wenyewe. Yule mrefu alimwambia mwenzake, "Wewe unamsifu bingwa, na mwenyewe hufai hata kubeba kuku." Wote wakacheka. Nami, mtu mzima mwenye kofia kichwani na tasbihi mfukoni, nikacheka pamoja nao, kisha nikasema, "Maneno matupu ya nini? Barabara si hii?"

Wallahi, sikukusudia ubaya. Lakini kijana aliyedharauliwa mbele ya wenziwe hatafuti kusudi lako, hutafuta ruhusa yako. Mara shilingi elfu 20 zikatoka mfuko huu, na elfu 20 mfuko ule, na zote zikatiwa mkononi mwangu. "Shehe atushikie, yeye ni mtu wa dini." Nami nikazishika.

Wakaondoka kwa vishindo. Walikuwa waende mpaka kwenye kalavati na kurudi. Hatukuwaona tena kwa vumbi. Wa kwanza kurudi alikuwa mtoto mdogo anakimbia kwa miguu, anatupigia kelele kwamba mmoja kaanguka.

Yule mfupi alikuwa mbele. Mkokoteni wa ng'ombe ukatokea kutoka shambani, naye akakamata breki ya mbele kama alivyomwona Mturuki akifanya. Lakini Mturuki yuko juu ya lami iliyosafishwa, kavaa ngozi mwili mzima, na amelelewa juu ya pikipiki tangu utoto. Huyu yuko juu ya mchanga, kavaa kandambili. Gurudumu lilizama, akarushwa. Mfupa wa mtulinga ulivunjika, na uso ukachubuka. Alhamdulillahi, roho ilibaki. Yule mrefu aliyekuwa nyuma yake alisimama papo hapo, akavua shati akamfunga mkono, akampakia mbele ya mtu mwingine wa kumshikilia, akamwendesha pole pole mpaka kwenye matibabu.

Jioni ile mama wa kijana alikuja nilipofikia. Alinisalimu kwa heshima, nikamwitikia. Hakuja kugomba. Aliniuliza neno moja tu: "Mzee, nasikia wewe ulikuwepo?"

Ndugu msomaji, nimeulizwa maswali mengi katika umri wangu, lakini hilo lilinifunga kinywa. Alikuwa akitafuta shahidi mtu mzima atakayemweleza ujinga wa vijana. Hakujua kwamba aliyeufungua mlango ndiye mimi. Ningeweza kunyamaza, na wale vijana wasingenisema. Nikamwambia yote, mpaka zile fedha nikazitoa nikazionyesha. Akaziangalia kitambo, kisha akasema, "Basi yake nipe, atanunulia dawa." Hakuongeza neno. Elfu 20 nyingine nilimrudishia mwenyewe, na matumizi ya kijana yule mpaka alipoweza tena kufanya kazi nikayachukua mimi. Lakini fedha hazirudishi neno lililokwisha kutoka.

Usiku ule sikulala. Nikayapima mambo mawili.

La kwanza ni zile fedha. Nani asiyejua kwamba wawili wakiweka mali, na mshindi akaichukua yote, wanavyuoni wengi wamehesabu kuwa ni kamari? Mashindano yenyewe hayakukatazwa. Imepokewa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwashindanisha farasi Madina. Na hebu tutazame alivyofanya. Farasi waliofunzwa na kukondeshwa kwa ajili ya mbio aliwatoa Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, masafa ya maili 5 au 6. Wale wasiofunzwa aliwatoa Thaniyyatul Wadaa mpaka msikiti wa Banii Zurayq, kama maili moja. Na Abdallah bin Umar (R.A.) alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Hapa mna hekima ambayo vijana waliihitaji, nami nilikuwa nayo kifuani nisiwape. Kila farasi aliwekewa uwanja wa kadiri ya mafunzo yake. Yule wa maili moja hakutukanwa kwamba hafai, wala hakupelekwa maili 6 akaangamie ili watu wacheke. Basi swali la "anafaa au hafai" haliwi swali mpaka useme anafaa kwa uwanja gani na kwa mafunzo gani.

La pili ni ile hamu yetu ya kuhukumu. Tunamwona mtu katika kisimu nusu saa, tunajua kipimo chake. Hatujui njia aliyopita. Baba yake Toprak alikuwa mtu mashuhuri wa michezo ya pikipiki, naye alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 2017. Mlezi wake katika mchezo huu, Kenan Sofuoğlu, bingwa mara 5 wa daraja la Supersport, alifiwa na ndugu yake mwaka 2008 katika mazoezi. Vijana wangu walikuwa wakiuona ushindi, kaburi hawakulionyeshwa. Na mimi mtu mzima, kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha.

Na hata akipanda huko juu akashinda au akashindwa, kuna jambo gani? Imepokewa pia kwamba ngamia wa Mtume (S.A.W.), Adhbaa, alikuwa hapitwi. Akaja bedui na ngamia wake mchanga akampita. Waislamu wakaona uzito. Mtume akawatuliza kwa kuwafahamisha kwamba hakuna kinachopanda juu katika dunia hii ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Ikiwa ngamia wa Mtume alipitwa, nani sisi hata tumkatie mtu hukumu ya milele kwa shindano moja?

Mwaka uliofuata nilirudi Msangano. Kijana mfupi nilimkuta anaendesha tena, bega limepona ingawa limekaa upande kidogo. Alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, na sote wawili tukatazama chini. Kibarazani mjadala ulikuwa pale pale, na kisimu kile kile. Mmoja akaniambia, "Mzee, wewe unaonaje, Mturuki anafaa?"

Nikamjibu kwamba hilo wataamua wenye kumpima kwa saa na kwa uwanja. Mimi nitasema la ninayemjua. Nikamwelekezea kidole yule mrefu, nikasema, "Huyu nilimwona akiacha ushindi na elfu 40 njiani ili amwokote mwenziwe. Kesho Inshaallah nitampa magunia yangu na roho yangu anifikishe Tunduma."

Wakanyamaza. Kisha yule mfupi akasema kwa sauti ndogo, "Kweli, mzee, huyo anafaa."

Nawaombeni, wazazi wenzangu, tuwe na hadhari na vicheko vyetu mbele ya vijana. Neno la mkubwa kwao ni ruhusa. Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyotutoka, na atujaalie ndimi zenye kutengeneza. Amin.