Toka Sola hadi kwenye mtambo wa moshi

Jumamosi tulitoka Sola na gari la kuazima, tukapita Maswa na Bariadi hadi Lamadi, pwani yetu sisi watu wa Simiyu. Wa Dar chekeni tu. Upepo upo, mitumbwi ipo, dagaa wameanikwa mchangani. Kesho yake Nyashimo na Magu, dagaa wale wale.

Lamadi jamaa mmoja alitupeleka nje ya mji kwa mama anayepika gongo. Pipa juu ya kuni, bomba la shaba linapita kwenye maji baridi, tone, tone, ndani ya dumu. La kwanza kutoka analimwaga.

“Hilo ndilo linapofusha, mwanangu.”

Kipimo chake ni kiberiti, na methanoli haionekani kwa macho wala kwa moto. Nikamwambia. Akasema anajua, mashine ya kupimia aipate wapi?

Sheria ya moshi ya 1966 inataka leseni; yeye hajawahi kumwona mwenye nayo. Uganda walitunga ya kwao 1965, wapishi wa enguli wakauzia kiwanda, ikazaliwa Uganda Waragi. Kenya walihalalisha chang'aa 2010. Sisi tulipiga marufuku viroba Machi 2017, na mama anasema hapo ndipo wateja wake walipoongezeka. Bora wangempa leseni na kipimo, ndivyo ninavyoona.

Picha sikupiga. Ada ya binti yake inatoka kwenye dumu lile, na mtihani wa kidato cha nne ni Novemba.