Achana na Venice, twende Engaruka!

Wiki hii nawaomba vijana wa mjini mnisikilize kidogo, maana najua mkisikia "mji wa kale wa mifereji" akili zinaruka moja kwa moja hadi Venice kule Italia, wazungu wawili wamekumbatiana ndani ya mtumbwi mweusi na mpiga kasia amevaa fulana ya mistari. Au Amsterdam, Uholanzi, ambako mifereji ya karne ya 17 iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2010. Poa sana, sina ugomvi nao. Lakini nauli unayo?

Mimi kwetu ni Dirma, wilaya ya Hanang, na nasema hivi: huku kwetu pia upo mji wa mifereji, wa mawe matupu, na ukitoka Katesh unaufikia kwa mabasi yale yale tuliyozoea. Unaitwa Engaruka. Upo wilaya ya Monduli, mkoa wa Arusha, chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa, na wengi wanaupita hivi hivi wakiwa kwenye magari ya kitalii, vioo vimefungwa, wanakimbilia Ziwa Natron kupiga picha za heroe.

Niseme mapema ili mtu asije akanidai nauli yake. Huko Engaruka hakuna mtumbwi. Mifereji ya Venice inabeba watu, ya Engaruka ilibeba maji kwenda kwenye mtama. Hakuna kasri, hakuna msikiti mkuu, hakuna kaburi la sultani kama ukienda Kilwa. Ukishuka kwenye gari na kuangaza macho, utaona mawe, miiba na mbuzi wa watu. Wengi hapo ndipo wanapopiga picha mbili na kuondoka. Sasa kazi ya safu hii leo ni kukuonyesha namna ya kuukamua mji huo siku nzima, mpaka uondoke umeshiba.

Kwanza habari yenyewe. Kati ya karne ya 15 na ya 18 hapo waliishi wakulima, vijiji saba vimejipanga kwenye mteremko chini ya ukuta wa bonde. Mashamba yao, yote ya kumwagilia, yalienea karibu kilomita za mraba 20. Tuliza akili hapo. Kilomita 20 za mraba, bila saruji, bila bomba, bila mhandisi mwenye kofia ngumu, jiwe juu ya jiwe. Maji waliyatoa kwenye mito inayoshuka kutoka nyanda za Ngorongoro, wakayaelekeza kwa mifereji iliyokingwa kwa mawe, ikigawanyika na kugawanyika tena mpaka kila kishamba kikapata fungu lake.

Mzungu wa kwanza kuuandika alikuwa Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita mwaka 1883. Mwaka 1935 akaja Louis Leakey, yule yule wa Olduvai, akapiga hesabu kwamba hapo walikaa watu 30,000 hadi 40,000. Waliokuja nyuma yake waliipunguza sana hesabu hiyo. Hamo Sassoon alichimba miaka ya 1960 na punje za mtama zikapatikana, kwa hiyo ugali wao tunaujua.

Njia yetu watu wa Hanang ni hii: Katesh, Babati, Minjingu, Makuyuni, halafu unaiacha barabara ya Arusha na kukata kushoto hadi Mto wa Mbu. Usijidanganye kwenda na kurudi siku moja kutoka Dirma. Lala Mto wa Mbu. Gesti za bei ya kawaida zipo, na jioni ile usikae ndani kuangalia simu, toka ukatembee mashambani. Mto wa Mbu wenyewe unaishi kwa mifereji: mpunga, migomba, maji yanayotoka chini ya ukuta wa bonde yanapita pembeni ya nyumba za watu. Kula ndizi zile nyekundu, ni fupi na nene na bei yake haiumi. Ukishaona mfereji ulio hai jioni, kesho yake ule uliokauka utausoma kirahisi. Hiyo ndiyo siri ya kwanza.

Kutoka hapo hadi Engaruka ni kama kilomita 60 kuelekea kaskazini. Ulizia usafiri jioni ile ile, na muhimu kuliko vyote, ulizia gari la kurudi, maana la kurudi ndilo linalokuwa adimu. Mkiwa wanne au watano chukueni Noah mchangiane. Vaa viatu vya kufunga, raba hizo za rangi nyeupe ziache kwenu. Beba maji ya kutosha, lita tatu kila mtu si nyingi, kofia, na chakula cha mfukoni. Muwe njiani saa kumi na mbili alfajiri. Ikifika saa sita mchana pale chini ya ukuta jua linakuwa si la mchezo na mawe yanatoa joto kama bati la kukaangia.

Shuka Engaruka Juu, siyo Engaruka Chini. Lipa kiingilio, dai risiti, chukua kijana wa pale akutembeze. Najua wengine mtataka kubana matumizi mjitembeze wenyewe. Msifanye hivyo. Mtazunguka saa mbili mkikanyaga mji bila kuuona.

Sasa siri ya pili, na kwangu hii ndiyo safari yenyewe: fuata maji. Wageni wengi wanaanzia chini kwenye tambarare na kuishia hapo. Wewe mwambie kijana akupeleke kwanza juu, pale Mto Engaruka unapotoka kwenye korongo lake. Maji yapo, masafi, ya baridi, yanapiga kelele kwenye mawe. Kutoka hapo shuka taratibu ukifuata mstari wa mawe ya zamani. Mwanzoni utaona kama mawe yaliyoanguka tu. Baada ya hatua hamsini jicho linazoea: safu mbili za mawe, katikati pametulia, mteremko mdogo sana, mdogo kiasi kwamba mguu hauujui. Mkali ukizidi, maji yanachimba na kubomoa. Mdogo ukizidi, maji yanasimama. Hao jamaa waliupata sawasawa, tena kwa macho.

Ukishafika mashambani utaona mistari ya mawe imekatana kama daftari la hesabu, kila kiboksi ni kishamba. Kuna marundo makubwa ya mawe yaliyookotwa shambani na kupangwa vizuri, siyo kutupwa. Kuna duara za mawe, mazizi. Wataalamu wanaamini mifugo ilifugwa pale karibu na mashamba na samadi ikawa mbolea. Halafu wachimbaji wa miaka ya 2000 walikuta jambo lililonifanya nikae chini: udongo wa baadhi ya mashamba yale uliletwa na maji yenyewe. Waliweka mawe kukinga mkondo, maji yakapungua kasi, tope likatuama, mwaka hadi mwaka, mpaka pakawa shamba.

Msomaji, mimi natoka Hanang. Desemba 3, 2023 tope lilishuka kutoka mlimani kwetu likazoa watu Katesh na Gendabi, zaidi ya 80 wakafa. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna watu walilikamata tope kwa mawe wakalifanya liwalishe, sicheki. Najua mlima si mmoja na tope si lile. Lakini nilikaa pale kwenye jiwe muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Mchana panda kwenye vijiji. Nyumba zilijengwa kwenye vibaraza vilivyochimbwa kwenye mteremko na kushikiliwa na kuta za mawe, baraza juu ya baraza, vijia vikipita katikati. Simama kwenye baraza la mtu, geuka uangalie bondeni. Hapo ndipo unapouona mji: wao walikaa kwenye mawe ili ardhi tambarare yote ibaki ya chakula. Tafadhali usipande juu ya kuta, hazina saruji, zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na kigae cha chungu ukikiona kiache. Kiko mahali pake.

Na wenyewe walikuwa akina nani? Hapa ndipo utamu ulipo. Kijana aliyenitembeza ni Mmasai wa rika langu, na nilipomtajia kwetu tu akacheka. "Kumbe wewe Mbulu! Basi umekuja kudai nyumba ya babu yako." Nikamwambia ndiyo, na kodi ya miaka yote. Akanijibu: "Kodi mdai mvua, sisi tulikuta mmeshaondoka."

Utani huo una mizizi. Wapo watafiti waliosema waliojenga Engaruka ni mababu wa Wairaqw, wale wanaoitwa Wambulu. Ukipanda Kainam au Mama Issara kule Mbulu utaona kwa nini: kilimo cha mteremko, ng'ombe kulazwa ndani ya nyumba, samadi kubebwa shambani, hakuna kipande kinachochezewa. Wengine wanawataja Wasonjo wa wilaya ya Ngorongoro, ambao mpaka leo wanamwagilia kwa mifereji na wazee wao ndio wagawaji wa maji. Wadatoga nao, majirani zetu wa Hanang, walikaa nyanda za Ngorongoro kabla ya Wamasai, na kaburi la kiongozi wao lipo ndani ya kreta, kwenye msitu wa Lerai. Na Wachagga wana mifongo yao Kilimanjaro. Wataalamu hawajakubaliana, wala hawakubaliani kwa nini watu waliondoka: wapo wanaosema mito ilipungua, wapo wanaotaja udongo kuchoka, wapo wanaosema vita vya wafugaji. Mimi sina kipimo cha damu ya mawe. Ila bibi yangu angeona lile zizi lilivyokaa karibu na shamba asingeuliza la nini.

Kuna mito kando ya Engaruka ambayo zamani ililisha mifereji na leo ni mchanga, unapita unakanyaga kokoto. Mto Engaruka wenyewe ndio unaoendelea, na watu wanaougombea ni wengi: wakulima wa mahindi na maharage, wafugaji, akina mama na madumu yao. Bonde hilo hilo lina magadi soda, na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) limekuwa na mpango wa kuyachimba. Nilimwuliza yule kijana kama watu hawayaondoi mawe ya zamani wanapolima. Akanyamaza kidogo. "Wengine wanayasogeza. Utamwambia mtu asile kwa sababu ya jiwe?" Nikakosa la kumjibu, na sijalipata bado. Kiingilio unacholipa pale ni jibu la sehemu tu, ndiyo maana nawaambia mkalipe, tena mwende wengi. Mawe yanayoleta wageni yana nafuu kidogo kuliko yasiyoleta kitu.

Jioni, jua likianza kujificha nyuma ya ukuta, kivuli kinaanza kuangukia bonde na upepo wa baridi unashuka. Wakati huo usiwe njiani. Rudi kwenye mfereji ulio hai, ule wa kijiji. Mimi nilimkuta mzee mmoja na jembe amesimama penye njia panda ya maji. Nikampa shikamoo, akaitikia. Kulia shamba la mahindi, kushoto shamba la maharage. Alikuwa hafanyi kitu.

"Mzee, unasubiri nini?"

"Zamu yangu."

"Ni saa ngapi?"

Akanyoosha kidole kwenye kivuli kilichokuwa kinatambaa shambani. Kikagusa mti fulani, akainama, akatoa jiwe moja na majani na tope upande wa kushoto, akavisukumia kulia, akapiga jembe mara tatu. Maji yakasita, yakageuka. Mtoto aliyekuwa kule chini akaanza kupiga kelele za furaha akikimbia mbele yake.

Barabarani Noah ikapiga honi. Dereva alishasema hasubiri mtu.