Mgeni aliyetukalisha mkekani

Ramadhani ya mwaka 2016 ilitukuta Leipzig, Ujerumani, mume na mke, tukisomesha Kiswahili. Magharibi iliingia saa tatu na nusu usiku, nasi tulifuturu mbalimbali: mmoja mezani juu ya kazi za wanafunzi, mwingine amesimama jikoni.

Rafiki yetu wa Tanga alipotuarifu kuwa anakuja, ndimi zetu zilisema karibu, ilhali nyoyo zilihesabu siku. Ingawa safari ilimpa ruhusa ya kula, alifunga nasi tangu siku ya kwanza. Siku ya tatu tulirudi tukakuta ametandika mkeka aliotuletea, na juu yake sinia moja ya viazi vya nazi. “Mgeni siku mbili,” alicheka, “ya tatu mpeni jembe.” Tukala, mikono ikigongana siniani. Tulitazamana kwa haya: tangu tufike ughaibuni hatujapata kukaa hivyo.

Usiku alioondoka, kazi za wanafunzi zikingoja, tuliutandika mkeka tena.

Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Nanyi mlio ugenini, mgeni akibisha hodi, msimhesabie siku.