Kuhamisha Seva, Kuhamisha Jina

Seva yetu ya kwanza ya baruapepe niliikuta chini ya meza ya masjala, ikiendesha Red Hat Linux na programu ya Sendmail. Mkongo wa SEACOM, uliofika pwani yetu Julai 2009, ulikuwa bado. Ofisi yetu ya Dar es Salaam ilipata intaneti kwa dishi la setilaiti, na mmoja akituma picha za harusi, wengine wote walisubiri.

Kuihamishia mashine mpya seva ile ilikuwa kazi ya jioni. Ulinakili mafaili ya barua, majina ya watumiaji na nywila zao, ukachomoa waya huku ukauchomeka kule, ukaenda nyumbani. Hakuna seva ya mbali iliyouliza sisi ni akina nani. Utaratibu wa SMTP, ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1982, ulikuwa wa mtandao mdogo wa watu walioaminiana: mashine inajitaja jina, inamtaja mtumaji na mpokeaji, inakabidhi barua. Mpaka toleo la 8.9 la Sendmail lilipotoka 1998, seva ambayo mipangilio yake haijaguswa ilikubali kumpelekea barua mtu yeyote kwenda popote. Watuma barua taka ndio waliotunyang'anya uungwana huo.

Baadaye tulitumia CentOS, na hatimaye CentOS 7 ikiwa na programu za barua za Postfix na Dovecot. Mwisho wa matunzo yake ulipangwa kuwa 30 Juni 2024. Wengi tulidhani tungepanda tu kwenda toleo la 8, lakini Desemba 2020 ikatangazwa kwamba hilo lingekoma mwisho wa 2021 badala ya 2029. Nikachagua Debian 12.

Upande wa mafaili haukunisumbua. Programu ya rsync ilinakili barua watu wakiwa kazini, kisha nikasimamisha huduma usiku na kuchukua zilizoongezeka. Nilihakikisha tu kwamba mafaili ya dovecot-uidlist yanakwenda pamoja nazo. Yakikosekana, programu ya barua ya kila mtumiaji huziona barua zote kuwa mpya na kuzishusha upya, na kwa anayesoma kwa bando la simu hiyo ni hasara. Kompyuta kuukuu ya masjala iligoma kuunganishwa, kwa kuwa mfumo mpya haukubali usimbaji wa chini ya TLS 1.2. Ikapumzishwa.

Kazi kubwa ilikuwa kuhamisha jina. Anwani mpya ya IP ni mgeni mtaani: hata awe mwema kiasi gani, ataombwa barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Rekodi ya SPF inatangaza kwenye DNS, daftari la majina la intaneti, ni anwani zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina la kikoa chetu. DKIM inatia sahihi kila barua kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo wa wazi tuliouweka kwenye DNS. DMARC inamweleza afanye nini uhakiki ukishindikana. Kisha kuna PTR, inayogeuza anwani ya IP kuwa jina. Hiyo hujiandikii, unamwomba mtoa huduma mwenye anwani. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanawadai SPF, DKIM na DMARC wanaotuma kwao barua kwa wingi, na kwa Google wingi huo ni takriban barua 5,000 kwa siku. Sisi hatukaribii idadi hiyo, lakini mchujo unatupata vilevile.

Siku kadhaa kabla ya kuhama nilishusha TTL, yaani muda wa kukumbukwa, ya rekodi ya MX inayoonyesha barua zetu zipelekwe wapi, kutoka sekunde 86400 hadi 300, ili dunia isiendelee kubisha mlango wa zamani. Saa za kufunga hazikupoteza barua, maana SMTP ina subira: Postfix ya mtumaji, kwa mfano, huiweka barua kwenye foleni na kuijaribu tena hadi siku 5.

Zikaanza simu. "Kaka, mteja anasema barua yangu kaikuta kwenye taka."

"Mwambie aitoe huko, kisha akujibu."

Jibu hilo ndilo lililokuwa dawa, kwa sababu wachujaji hupima pia watu wanavyozipokea barua zako. Jarida letu, linalokwenda kwa watu wengi kwa mpigo, nililizuia mpaka anwani izoeleke. Simu zikapungua, kisha zikakoma.

Msaada wa muda mrefu wa Debian 12 unaisha Juni 2028, kwa hiyo safari nyingine iko njiani. Zamani ningeanza kwa kutafuta mashine. Sasa cha kwanza kwenye orodha yangu ni kuomba anwani ya IP na PTR yake mapema, nianze kupitisha huko barua chache chache, ili siku ya kuhama anwani hiyo iwe imeshajulikana. Mafaili yatafuata, rsync inaifanya kazi hiyo vilevile kama zamani.